Ukurasa wa Saba

Mimi ni mchambuzi wa hisa, na mdomo wangu hauna breki. Kabla ripoti yangu haijatoka, humtumia meneja wa fedha wa kampuni ninayoichambua kurasa za takwimu azihakiki: mashine ngapi, tani ngapi. Ukurasa wa ushauri, ule unaowaambia wateja wanunue au wauze, haumfikii kamwe. Akiuona kabla ya soko, mimi sina kazi.

Jumatatu ile, haraka haraka isiyo na baraka, nikamtumia meneja wa fedha wa kiwanda cha sabuni kurasa zote saba. Wa saba ulisema: UZENI.

Ole wangu! Maji yakimwagika hayazoleki. Nikawaza mama na wadogo zangu wawili, wote wananitegemea mimi. Mara simu ikalia. Ni yeye.

"Binti, ukurasa wa saba si wangu."

"Nisamehe, mzee wangu. Ufute tu, yaishe baina yetu."

"Nimeufuta. Lakini hayaishi baina yetu. Kamwambie mkubwa wako kwa mdomo wako. Baada ya saa moja nitamwandikia."

"Saa moja? Si bora unichinje kabisa!"

"Ningetaka kukuchinja ningeandika sasa hivi." Akakata.

Nilimtukana kimoyomoyo ghorofa zote tatu nilizopanda. Mkubwa wangu, mama asiyejua kucheka, alinisikiliza mpaka mwisho.

"Ungenificha, leo hii ungefungasha," alisema.

Barua ya meneja ilipofika, akanisomea. Hakuna mwingine aliyeuona ukurasa ule, na yeye hatagusa hisa zake za kiwanda mpaka ripoti itoke. Chini ameongeza: "Amekosea kutuma. Tani amehesabu vizuri kuliko sisi." Nikalia bila haya. Nilipewa onyo, kazi ikabaki.

Ripoti ikatoka vilevile, uzeni, na hisa za kiwanda zikaporomoka. Wiki iliyofuata meneja akawaita wachambuzi wote ukumbini wamuulize maswali. Nikakaa nyuma kabisa, natazama viatu vyangu.

"Swali la kwanza," akasema, "yule binti wa nyuma. Na usinionee huruma."

Nikasimama. "Kwanza asante, mzee wangu," nikasema, watu wakageuka kunishangaa. Kisha nikamuuliza kwa nini mauzo yanashuka mwaka wa pili sasa, naye akajibu yote, bila kuficha, tukisikia sote.