Mbwa Aliyekuja Alipoitwa

Kaka yangu ni fundi rangi, na kitu pekee alichoshindwa kukipaka rangi kikapendeza ni ujinga wake. Alihamia kwangu mkewe alipomchoka, analala sebuleni, na kila jioni ananifundisha namna ya kuishi.

Mbwa ni wangu. Tunamwita Bwana Afya kwa sababu hakuna sufuria ya mpangaji ambayo hajaikagua. Siku moja alimkimbiza mpangaji wa chumba cha mwisho mpaka akapanda juu ya karo la kufulia, na mama mwenye nyumba akaja mwenyewe. Hakupandisha sauti.

"Binti, nakupa mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi ujao," alisema. "Ukimwita akiwa hana kamba akaja, anabaki. Asipokuja, namchukua nampeleka shambani kwa shemeji yangu, akafungwe huko na wenzake."

Basi nikaanza. Mimi ni fundi cherehani, nafanya kazi barazani, kwa hiyo nilimfunga kwenye mguu wa meza kwa kamba ya hatua mbili. Hali chakula mpaka akae. Havuki kizingiti mpaka nimwambie. Nikimwita "njoo" akaja, anapata kipande cha mkate, hata kama ametoka kufanya uharibifu, kwa sababu mbwa hajui hesabu za jana. Anajua tu kwamba ameitwa na amekuja. Alipoacha kuvuta, nikamwongezea kamba. Alipoacha kubwekea ndoo za watu, nikampa kamba ndefu ya kuanikia nguo, akawa anafika mpaka bombani. Haba na haba hujaza kibaba. Mashati ya shule yalilala, wateja wakaninunia, lakini mbwa alikuwa anafunzika.

Kaka akacheka. "Mwisho utamtafutia cheti."

Kucheka si kitu. Kilichonichoma ni kwamba Bwana Afya akikosea, kaka humwita kwa sauti tamu, "Njoo, njoo baba," na akifika anamchapa kandambili. Nilimweleza mara kumi.

"Unamfundisha kwamba kuja ni kosa, kaka. Kama una hasira naye, kaa nayo hukohuko. Usimwite."

"Mbwa ni mbwa," akanijibu. "Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu."

Ulimwengu wenyewe eti ni kandambili yake ya kushoto.

Ijumaa, siku moja kabla ya mama mwenye nyumba kuja, nilikuwa napiga pasi kola nilipomsikia kaka akijigamba kwa mpangaji wa chumba cha mwisho. "Ameshaiva huyu, tazama." Akafungua kamba. Kisha akafungua geti, hatua ambayo mimi na mbwa wangu tulikuwa hatujaifikia. Bwana Afya akachomoka. Barabara yetu inapita malori ya mchanga.

Nilipofika getini mbwa alikuwa ng'ambo, na kaka amemfuata hukohuko, kandambili mkononi. "Njoo, njoo baba." Mbwa akarudi nyuma, akaingia barabarani. Lori likapiga honi, likamkwepa, naye akaruka tena ng'ambo. Dereva akatutukana sote, na alikuwa na haki.

"Nyamaza," nikamwambia kaka. Nikachuchumaa. Njia ilipokuwa nyeupe nikaita mara moja tu. "Njoo."

Akanitazama. Akamtazama kaka. Kisha akavuka, masikio yamelala, moja kwa moja mpaka miguuni pangu, akakaa kama nilivyomfundisha.

Nikampiga. Kofi la kwanza lilimpata puani, la pili sijui lilikwenda wapi. Hasira yote ilikuwa juu ya kaka, lakini kaka alikuwa mbali na mbwa alikuwa karibu. Hasira hasara, tunasema kila siku. Tunasema tu.

Kaka akaiangusha kandambili chini, akaivaa. Afadhali angecheka.

Jumamosi saa nne asubuhi mama mwenye nyumba akaja na gari lake, akakaa kwenye kiti changu cha kushonea. "Haya, mwite."

Bwana Afya alikuwa amelala karibu na bomba, hana kamba. Nikaita. Akanyanyua kichwa. Nikaita tena, nikainua mkate auone. Akajikunja, akajikojolea palepale. Hakukimbia, wala hakuja.

Mama mwenye nyumba akamtazama mbwa, kisha akanitazama mimi. "Huyu amepigwa."

Nikamgeukia kaka. Ingekuwa rahisi. Wapangaji wote waliijua kandambili ile, na yeye mwenyewe alikuwa ameinamisha kichwa, tayari kuubeba mzigo.

"Mama, ni mimi niliye..." akaanza.

"Ni mimi," nikamkata. "Jana nilimwita akaja. Nikampiga."

Mama mwenye nyumba akasimama taratibu, akapangusa sketi yake. "Pole, mwanangu. Mtie garini."

Nilimfuata mbwa pale bombani, maana kumwita sikuweza tena. Nikambeba mikononi, mbwa mzima, mkojo ukanilowesha gauni. Hakuning'ata. Moyo wake ulikuwa unagonga kifuani pangu, na mpaka nafika kwenye gari nilikuwa bado nimemkasirikia kaka.