Watumishi Walioketi

Usha alikuwa jikoni akichambua dengu, Jumatatu asubuhi, mwaka ule ule walioingia London kutoka Nairobi, kengele ya mlango ilipolia. Alipofungua alimkuta mumewe, Madhu, amesimama kizingitini na sinia mkononi, kijana mbichi, rangi yake ya kijivu tangu kilemba hadi vidole vya miguu. Madhu mwenyewe, mzee wa miaka sitini na ushei, alikuwa bafuni akinyoa ndevu.

"Futa miguu," Usha alimwambia yule kijana, akarudi kwenye dengu zake.

Madhu alitoka na povu shavuni, akamtambua papo hapo. Alikuwa mtumishi wa sinia, mtu ambaye Madhu alimwigiza katika filamu yake ya kwanza, enzi za filamu bubu, Waingereza walipokwenda Nairobi kupiga picha za uwindaji. Kwa kuwa filamu ile haikuwa na sauti, kijana hakutamka kitu. Alipokuwa na la kusema, maandishi meupe yalijitokeza hewani mbele ya kifua chake: BWANA, CHAI TAYARI.

Kufikia Ijumaa nyumba ilikuwa imejaa. Alikuja mpagazi, akaja mpishi, akaja mcheza na nyoka na kikapu chake. Akaja na yule aliyeliwa na simba, shati limechanika kifuani; Usha akamshonea. Wote walikuwa Madhu, wa umri mbalimbali, na hakuna hata mmoja aliyekuwa amepewa jina katika filamu yake. Wale wa filamu za sauti walijua maneno waliyoandikiwa tu: "Ndiyo, bwana." Usha alipowauliza kama wamekula, walijibu, "Ndiyo, bwana." Alipowauliza nani kamaliza maji ya moto, walijibu vivyo hivyo, kwa pamoja.

Mwatima, muuguzi wa Kizanzibari aliyeishi ghorofa ya juu, aliteremka kulalamikia foleni ya choo.

"Mzee Madhu, hawa wageni wako wanaondoka lini?"

"Si wageni, mwanangu. Hii ndiyo kazi yangu, tangu ujana."

Mwatima aliwatazama walivyojipanga ukutani, mikono nyuma. "Mbona hawakai kitako?"

"Hawajapata kuambiwa wakae."

Mwatima alipanda kwake, akarudi na mkeka, akautandika. Waliuzunguka kwa adabu, wakabaki wima.

Wiki iliyofuata mwongozaji mmoja wa televisheni, Bwana Pelham, alipiga simu. Anatengeneza filamu ya daktari Mhindi anayehamia Thornton Heath, kusini mwa London, kutoka Afrika Mashariki. Madhu alitoa suti yake sandukuni, Usha akaipiga pasi mara mbili. Nafasi ya daktari kama huyo Madhu alikuwa ameingoja maisha yake yote.

Studio alimkuta Mwingereza amekaa mbele ya kioo, anapakwa rangi ya kahawia usoni.

"Daktari ni huyu," Pelham alisema. "Wewe unambebea mkoba. Akikuita, unajibu ndiyo, bwana."

Madhu alimwuliza yule Mwingereza, "Wewe daktari wa Nairobi, mtaa gani?"

Mwingereza hakujua.

"Mimi nimetoka Ngara," Madhu alisema.

"Mtaa hauna maana," alisema Pelham. "Uje kesho asubuhi."

Nyumbani Usha aliitundika suti. Kisha akauliza, "Utaenda?"

"Nitaenda. Ila siendi peke yangu."

Asubuhi walipanda basi wote. Kondakta alikata tiketi moja, maana uso ulikuwa mmoja.

Kamera ilipoanza kupiga picha, yule Mwingereza aliita, "Boi! Mkoba!" Madhu aliuweka mkoba sakafuni, akavuta kiti cha daktari, akakaa. Kisha akawageukia watu wake. "Kaeni," aliwaambia kwa Kiswahili.

"Ndiyo, bwana," walijibu, wakabaki wamesimama.

"Mimi si bwana wenu!" Madhu alipaza sauti. "Mimi ndiye nyinyi. Nimesimama tangu ujana na magoti yananiuma. Kaeni!"

Aliyeliwa na simba ndiye aliyetangulia, kwa kuwa alikuwa amechoka kuliko wote. Mpishi akafuata, kisha mpagazi, wakaenea kwenye makochi, juu ya meza, juu ya masanduku ya taa. Kijana wa kijivu alilitua sinia mikononi mwa yule Mwingereza. Mbele ya kifua chake pakatokea: SITAKI.

Pelham aliamuru wakatwe kwenye filamu. Fundi aliwakata mchana kutwa, na kila alipomaliza aliwakuta wamerudi palepale, wamekaa. Akaikata sauti ya Madhu, ambayo haikumshinda.

Filamu ilirushwa hivyo hivyo. Watazamaji walilalamika kwamba nyumba ya daktari ina watu wengi wasio na kazi. Magazeti yalimsifu Mwingereza, hasa kwa lafudhi yake. Mwatima, aliyeteremka kutazama pamoja nao, alisubiri majina ya waigizaji yapite hadi la mwisho.

"Lako halimo, mzee."

"Halimo," Madhu alikubali. Usha aliizima televisheni, akawamiminia watu chai.

Baada ya siku chache Pelham alipiga tena. Safari hii ni filamu ya maharaja, mfalme wa Kihindi. Mwingereza yule yule ameshaanza kujaribiwa rangi, na anahitajika bawabu. Sharti lilikuwa moja tu, Madhu aje peke yake.

"Tutakuja wote," Madhu alisema. "Tafuta viti." Akakata simu.