Washa, Tuone

Mama Viti alikuwa ameshika sindano kwa meno shemeji yake alipoingia karakana, na shemeji huyo aliona bora aseme yake kabla sindano haijatoka.

"Shemeji, za kazi? Hayo maonyesho yenu ya Jumamosi nimeyasikia. Agizo la ofisi yetu ya kata ni hili: gari lolote pale uwanjani ambalo injini yake haiwaki, hiyo ni skrepa. Ninakuja na brekidauni, nabeba, linakwenda kupondwa."

Kazi ya mama huyo ilikuwa kushona viti vya magari, na ndiyo iliyompa jina. Maonyesho yalikuwa wazo lake. Magari ya zamani ya Kijapani ndiyo yaliyoulea mtaa ule: yalipeleka wagonjwa, yakaleta maharusi, yakabeba saruji ya nyumba hizo hizo ambazo sasa wenyewe waliona haya kuyaegesha mbele yake. Ofisi ilikuwa imeshakokota machache, na hakuna aliyefungua mdomo. Mama Viti akapita mlango kwa mlango: yatoeni, yaosheni, watu waje wayaone kabla hayajageuzwa nondo.

Shemeji akashusha sauti. "Ile Datsun yako nitaifumbia macho. Wewe ni mke wa kaka yangu. Vunja tu hayo maonyesho, yaishe kindugu."

Sindano ikatoka.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Basi njoo Jumamosi, na uanze na ya kwangu."

Jumamosi uwanja ukajaa. Fundi rangi alileta Korola yake inayong'aa mpaka kuku walijitazama mlangoni. Muuza mkaa alileta pikapu ya Mazda, na kwa mara ya kwanza watu wakajua kumbe ni nyeupe. Mzee mmoja akaingia na Peugeot, kifua mbele.

"Mjomba," Mama Viti akamwambia, "hiyo ni ya Wafaransa."

"Meli iliyoileta ilikuwa ya Kijapani!"

"Haya, kaegeshe kule kwa wageni waalikwa."

Kosa lake mwenyewe alikuwa amelifanya asubuhi. Kwa hamu ya kupendezesha, alifungua boneti akaipiga injini ya Datsun maji ya mpira mpaka ikawa kama sufuria ya bi harusi. Aliporidhika akaifunga, akaenda kupanga wengine.

Shemeji akafika na brekidauni nyuma yake. Hakusalimia mtu. Akasimama mbele ya Datsun.

"Washa, tuone."

Mama Viti akaingia, akazungusha ufunguo. *Ta.* Akarudia. *Ta.* Stata ilikuwa imekunywa maji, imelewa.

Kila mtu alijua kwamba akishindwa aliyewaita, hakuna atakayebaki. Muuza mkaa alikuwa ameshaanza kupapasa mfuko wake wa funguo.

"Tuisukume!" fundi rangi akapaza sauti.

"Asiguse mtu!" shemeji akafoka. "Ya kusukumwa ni maiti. Dereva, beba!"

Fundi rangi akainama dirishani. "Dada, shuka ukaongee naye. Ni shemeji yako huyo, atakusikia."

"Nishuke niende wapi? Anataka gari, alibebe na mwenyewe ndani." Akafunga mlango kwa kishindo. "Na wewe muuza mkaa, toa mkono mfukoni! Hakuna anayeondoka hapa."

Dereva wa brekidauni, bwana mmoja mwenye tumbo na haraka zake, alizoea magari ya siku hizi, yale yanayovutwa na magurudumu ya mbele. Akafanya kama anavyofanya siku zote: akafunga mnyororo mbele, akainyanyua Datsun pua juu, akaanza kuikokota. Mama Viti akawa anatazama mawingu. Kisha akasikia chini ya kiti kile alichokishona kwa mkono wake magurudumu ya nyuma yakibingirika ardhini, na hayo ya nyuma ndiyo yaliyoshikana na injini ya Datsun.

Fundi rangi naye akaona. Akajaza kitambaa mdomoni asije akacheka mapema.

Mama Viti akafungua swichi. Akakanyaga klachi, akatia gia ya tatu, akangoja brekidauni lishike mwendo. Akaiachia klachi.

Datsun ikashtuka nzima nzima, brekidauni likayumba, moshi ukapiga huku na huku, na injini ikanguruma kama imetukanwa. Uwanja mzima ukapasuka kwa vifijo. Dereva akafunga breki, akachungulia nyuma kama mtu aliyebeba maiti ikapiga chafya.

Shemeji akaja mbio. "Nani kakuambia uwashe?"

"Si wewe? Umesema washa, tuone. Haya, mnaona?"

"Imesukumwa!"

"Na nani? Ulikataza watu wasiguse, hakuna aliyegusa. Umeivuta wewe, kwa mnyororo wako."

"Injini inawaka au haiwaki, mheshimiwa?" fundi rangi akauliza, kitambaa mkononi. "Maana agizo lilikuwa la injini."

Watu walikuwa wamewazunguka sasa. Muuza mkaa akapanda kwenye pikapu yake, akawasha. Korola ikaitikia. Hata ile Peugeot ikakohoa kule kwa wageni waalikwa.

Shemeji akajipangusa uso. "Sawa, shemeji. Zima basi tuelewane, moshi unatuua."

"Sizimi. Nikizima utaniambia washa." Akatoa kichwa dirishani. "Kaka dereva! Nirudishe kinyumenyume, kati ya Korola na Mazda. Na unishushe taratibu, hiyo rangi ni ya jana."

Dereva akamtazama shemeji. Akawatazama watu. Akatia rivasi.