Kidole Juu ya Malkia

Modesta alikuwa ameshaweka kidole juu ya malkia wake wa chesi, wapambaji walipoingia na mapazia ya zambarau, na tangu hapo hakuna kilichokwenda sawa.

Ukumbi ule wa Nyamagana ulikuwa umekodishwa mara mbili kwa siku moja: asubuhi kwa chama cha chesi, jioni kwa sendofu, sherehe ya kumuaga binti wa watu kabla ya harusi. Na jioni ya wenye sendofu, kama tujuavyo, huanza saa nane mchana. Shangazi wa bibi harusi akasimama katikati ya ukumbi, mikono kiunoni, akauliza hawa wanaokodolea meza macho wataondoka lini. Akaombwa asubiri kidogo. Akasema yeye hasubiri mtu.

Mchezo uliobaki ulikuwa mmoja tu, nao ndio uliokuwa na maana: Modesta na Justa, mshindi aende Dodoma kuuchezea mkoa. Modesta, mwalimu wa hesabu kule Mkuyuni, alikuwa anaikosa nafasi hiyo mwaka hadi mwaka, na safari hii aliitaka mpaka usingizi ukawa unamkimbia. Justa, muuzaji wa duka la dawa Buhongwa, alikuwa mwanafunzi wake zamani. Chesi yote aliyokuwa nayo kichwani alifundishwa na Modesta, pamoja na kanuni ya kwanza kabisa: ukigusa kete yako, unaicheza hiyo hiyo. Modesta alikuwa anaisema huku anagonga dawati kwa rula.

"Inatosha," akasema Machibya, katibu wa chama. "Hatuwezi kugombana na wenye shughuli."

"Basi tukamalizie nje!" Modesta akainuka, malkia akiwa bado pale pale alipokuwa.

"Nje mvua, na jina linatakiwa Dodoma leo hii. Kompyuta itaamua."

"Tumeumiza vichwa tangu asubuhi, halafu liamue dude hilo?"

Machibya hakumsikia. Alikuwa ameshafungua programu yake ya kuchambua michezo. Unaipangia kete kama zilivyo mezani, nayo inakwambia nani anaelekea kushinda na acheze nini; pembeni kuna mstari mweupe, ukipanda, mwenye kete nyeupe ana nafuu. Kwanza akapanga ubao kichwa chini miguu juu. Kisha akasahau kuiambia zamu ni ya nani, mashine ikampa Justa ushindi, na Modesta akapiga kelele hadi fundi wa spika akageuka. Kisha upepo wa ziwa ukaingia dirishani, pazia likamfunika Machibya na kompyuta yake, wapambaji wakacheka, na hakuna aliyeomba radhi. Modesta alitamani kuitupa ziwani ile kompyuta, na katibu wake juu.

Hatimaye mambo yakakaa sawa. Mstari mweupe ukapanda hadi juu, na mwenye kete nyeupe alikuwa Modesta.

"Unaitoa ngome kafara, iliwe," Machibya akasoma, "na mchezo umekwisha. Hongera, madamu! Dodoma hiyo!"

Modesta akautazama ubao. Ngome hakuwa ameiwazia hata kidogo. Yeye alitaka malkia ale askari, na sasa aliona wazi kwamba malkia akiondoka pale, aende popote, mfalme anabaki bila mlinzi. Mashine haikujua habari za kidole. Ilipangiwa kete, basi.

Aliyejua ni Justa. Alikuwa ameona. Modesta akamkazia macho, akisubiri aseme, na majibu alikuwa nayo tayari: sikugusa, nilikuwa naonyesha tu, una ushahidi gani? Justa akainamisha kichwa, akaanza kukusanya kete.

"Huna la kusema?"

"Hapana, madamu. Hongera."

Hapo ndipo hasira ilipompanda kwelikweli. Angebishiwa, naye angebisha mpaka sendofu iishe. Lakini Justa alikuwa amenyamaza kwa adabu, kwa kuwa mwalimu wako humuumbui mbele za watu, na adabu haibishiwi.

"Machibya, niligusa malkia."

"Uligusa?"

"Niligusa, jamani! Kabla ya mapazia haya. Iambie hiyo mashine imcheze malkia, tumalize."

Katibu akampeleka malkia huku, akampeleka kule. Kila alipomweka, mstari mweupe ulishuka hadi chini kabisa. Akaifunga kompyuta taratibu, akasema kwa sauti ndogo kwamba basi, atakwenda Justa.

Justa alikuwa analia. "Samahani, madamu."

"Samahani ya nini? Ulitakiwa useme!" Nafasi ile Modesta alikuwa bado anaitaka, na ilimuuma kuliko alivyodhani. "Ukifika Dodoma, mtu akigusa kete asiicheze, usimwonee haya. Sema. Hata ningekuwa mimi."