Kona ya Hruska

Barabara yetu ya jimbo ni fupi. Ukichukua kahawa kwenye mgahawa wangu, utafika mwisho wa barabara kahawa bado inakuunguza ulimi. Inaanzia kwenye ghala la mahindi karibu na reli, inanyooka kuelekea mashariki, kisha inapinda ghafla kabla ya daraja, na kukutana na barabara kuu. Wageni hudhani mhandisi alikuwa amelewa. Sisi Wacheki wa huku Nebraska tunaiita Kona ya Hruska.

Ramani ya kwanza ilipita katikati ya shamba la mahindi la Ladislav Hruska. Akakataa katakata, akazungumza na rafiki zake wa kaunti, na barabara ikasukumiwa kwa mdogo wake, Bohumil. Ikamkatia shamba vipande viwili, nyumba huku, ng'ombe kule. Siku ya kukata utepe, Bohumil alimwita kaka yake mwizi mbele ya watu wote. Hawakusemezana tena. Ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime. Nasi tulilima miaka na miaka, wala hawakupatana.

Kwetu, ukipishana na gari unainua kidole cha shahada juu ya usukani. Ndiyo salamu. Unamwinulia padri, muuza mbegu, hata mgeni aliyepotea njia. Ndugu hawa walipishana pale konani karibu kila siku, na kila Ladislav alipoiona pikapu ya kijani ya mdogo wake, aligeuzia shingo shambani mpaka ipite.

Mwaka huu jimbo liliichoka barabara yenyewe. Likaikabidhi kaunti, na kaunti ikatangaza kwamba itang'oa lami na kumwaga changarawe. Ladislav akaja mgahawani amenuna.

“Yote yale, kumbe kwa ajili ya vumbi,” akasema.

“Basi patana na ndugu yako, mzee. Kilichowagombanisha si ndicho hicho kinachong'olewa?”

“Bohumil aanze. Yeye ndiye mdogo, na yeye ndiye aliyenitukana. Akiniinulia kidole tu, nasimamisha gari, nashuka, namkumbatia hapo hapo barabarani.”

“Kidole tu?”

“Nimekisubiri sana hicho kidole, Vlasta. Usinicheke.”

“Na utakionaje, nawe unageuza shingo kama mwari aliyeposwa?”

“Nitajua tu,” akasema, akaomba kahawa nyingine.

Nilitamani kummwagia hiyo kahawa. Ukaidi wa Hruska haukatwi kwa shoka. Lakini nilimwonea huruma pia, nikamjazia kikombe.

Bohumil alifariki kabla mashine hazijafika konani. Baada ya mazishi tulishuka ukumbini, chini ya kanisa, kula mikate yenye nyama ya nguruwe na vitumbua vya plamu. Ladislav alikaa peke yake pembeni, kofia magotini. Nilikwenda kukaa naye. Arlene, binti wa Bohumil, akamletea sahani.

“Kula, baba mkubwa.”

“Hakuniinulia kidole, Arlene. Hata siku moja. Ningemsamehe yote.”

Arlene alibaki ameishika ile sahani.

“Alikuinulia. Tangu mama afariki, kila mlipopishana. Nilikuwa nimekaa naye garini.”

“Hapana.”

“Ulikuwa huangalii, baba mkubwa.”

Ladislav akanitazama mimi, kana kwamba ningeweza kukanusha. Kisha akamgeukia Arlene.

“Nilipompita vile, alikuwa anasemaje? Alinitukana?”

“Wala hakukasirika. Alikuwa anasema, ‘Kaka Laddie anaangalia mahindi yake.’”

Mzee akaizungusha kofia, akaizungusha tena.

“Na wakati wa theluji? Shamba likiwa tupu?”

“Hivyo hivyo,” Arlene akasema, huku machozi yakimtoka. “‘Anaangalia mahindi yake.’”