Damu Waliyoitaka Thika

Mimi si mtu wa kuchezewa. Mimba ya tatu ya Mukonyo ilipotoka, niliacha kumpa pole nikaanza kumchunguza. Mwanangu Chege alikuwa amemwoa kutoka Gatuanyaga, na huko sikuwa na mtu wa kunieleza ni ukoo wa namna gani. Nilimuuliza dada ya Mukonyo maswali ya mtego. Sikupata kitu, na hilo nalo likanitia shaka.

Kliniki moja ya Thika ikawapima wote wawili. Chege alirudi hapa Kalimoni, akaketi jikoni kwangu bila kuvua koti.

"Mum, si yeye. Ni mimi."

"Nani amekwambia hivyo? Yeye?"

"Daktari. Na ati wanataka damu yako pia."

Haiya! Mke mimba hazikai, halafu inatafutwa damu ya mama mkwe! Chege akanieleza polepole. Walikuwa wametungiwa mimba maabarani, viinitete vinne visivyoonekana kwa macho, vimewekwa kwenye baridi. Vingepimwa kwanza ili Mukonyo asiwekewe kile kitakachotoka tena, na damu ya mzazi wa Chege ingesaidia kuvitofautisha. Baba yake ni marehemu, kwa hivyo nilibaki mimi.

"Mficha uchi hazai, Mum," akaniambia.

Nilikataa wiki mbili. Mukonyo hakunibembeleza. Alikuja Jumapili baada ya kanisa, akanifulia mapazia, akaenda zake. Nilimshuku hata kwa hayo mapazia.

Mwishowe nilienda, nia yangu ikiwa kuwaumbua. Nilimlazimisha nesi aandike jina langu, Magdalene, kwenye chupa nikiona, herufi kwa herufi, nisije nikachanganyiwa damu na mtu.

Majibu yalipotoka, daktari alituita mimi na Mukonyo.

"Mama, Chege ameirithi hali hii kwako," akasema. "Ndani ya chembe zako, vipande viwili vya kromosomu vimebadilishana mahali. Hakuna kilichopotea, ndiyo maana wewe ni mzima. Lakini mtoto anaweza kupokea kipande kimoja bila mwenzake, na mimba ikatoka. Kabla ya Chege, ulipoteza ngapi?"

"Nne."

"Ulidhani ni nini?"

Jibu nililokuwa nalo kwa miaka thelathini na minne lilikuwa jina la mtu. Lilikuwa Wangechi, dada ya mume wangu. Kila nikishika mimba, alikuja kunipikia na kunikanda miguu, na kila mara mimba ikatoka. Nikatangaza hadi kwa akina mama wa kanisa kwamba mikono yake inaua. Wakaanza kunong'ona, nami nikajiambia lisemwalo lipo, na msemaji ni mimi mwenyewe. Nilimfukuza, mwaka uliofuata Chege akazaliwa. Ningetaka ushahidi gani mwingine?

"Hakuna aliyekufanyia kitu, Mama," daktari akasema.

Nilimshuku na yeye kidogo, kwa mazoea. Kisha nikaona aibu, aibu ya kweli, hadi nikashindwa kumtazama Mukonyo. Yeye ndiye aliyenishika mkono. Viwili kati ya vile vinne vilikuwa vizuri, akaniambia, na wangejaribu mwezi ujao.

Siku hiyohiyo nilishuka Mwiki kwa Wangechi. Alifungua geti nusu.

"Unataka nini, Maggie?"

Nilimweleza yote nikiwa nimesimama pale nje. Nikamwomba msamaha. Nikamwambia Mungu akijalia mtoto wa Chege azaliwe, nataka yeye awe wa kwanza kumpakata.

Alinitazama, akitafuta mtego uko wapi. Sikumlaumu.

"Binti yangu Mourine ana watoto watatu," akasema. "Nimewaona wote wakiwa mikononi mwa mama yao. Sijawahi kumshika hata mmoja. Wewe ulisema mikono yangu inaua, Maggie, na mimi nilikuamini."