Viti Vilivyokunywa Ndoo Kumi na Moja

Dobi alikuwa na ugonjwa mmoja: akiona doa, hatulii. Ukimkaribisha chai, kabla hajamaliza kuitikia salamu ameshaliona doa la mchuzi kwenye kitambaa cha meza, na moyoni ameshachagua sabuni ya kulitoa. Mkewe alishamkanya mara nyingi asiwe anawatazama watu kola za mashati wakati wa kuongea nao. Lakini wapi.

Kwa hiyo Alhamisi ile mchana, familia ilipokaa kupanga mambo ya mwisho ya harusi ya shemeji yake, kimbelembele kilimponza.

Baba mkwe wake alikuwa mwalimu wa udereva, miaka ishirini na miwili kazini, na gari lile lile. Alitangaza kwamba Jumamosi saa tatu asubuhi atampeleka bintiye ukumbini yeye mwenyewe, kwa gari lake mwenyewe. Bibi harusi akainamisha kichwa.

"Baba, usinielewe vibaya. Gari nalipenda. Ila vile viti, na gauni langu jeupe..."

"Viti vina nini?"

Kila mtu akajifanya anatafuta kitu sakafuni. Viti vilikuwa na nini! Vilikuwa na jasho la mji mzima. Kila aliyewahi kujifunza kupanda mlima kwa klachi alikuwa ameacha kumbukumbu pale. Juu, penye kuegemeza kichwa, mafuta ya nywele yalikuwa yameganda hadi kitambaa kinang'aa. Pembeni palikuwa na viraka vyeusi viwili, kulia na kushoto, mahali ambapo wanafunzi hushika kwa nguvu wakiona lori linakuja. Kiti cha nyuma kilikuwa na juisi, wino, bablishi, na ramani ya bwana mmoja aliyetapika siku ya mtihani, na bado akafaulu. Rangi ya vile viti hakuna aliyeijua. Baba mkwe alisema ni kahawia, na kwa kuwa gari ni lake, watu walimwachia.

"Gari la kukodi lipo, baba," bibi harusi akasema kwa upole. "Jeupe. Tumeshaulizia."

Mzee akavua kofia, akaizungusha mikononi. "Mji mzima nimewafundisha watoto wa watu kuendesha," akasema. "Haya. Kodini. Mimi nitakuja nyuma yenu."

Alisema bila hasira, na hapo ndipo ilipouma. Dobi alimwona namna alivyoirudisha kofia kichwani upande, bila kujali imekaaje. Maneno yakamtoka kabla akili haijafika.

"Baba, niachie mimi. Jumamosi asubuhi viti vitakuwa vipya."

Mkewe alimfinya paja, lakini alikuwa amechelewa. Baba mkwe alimtazama. Kwa miaka sita alikuwa akimwita "bwana sabuni", na akimpa mkono humpa kama anayemwazima.

"Una uhakika, bwana sabuni?"

"Hakuna doa lililowahi kunishinda, baba."

Jamani, kuna watu wakikaa kimya wanapendeza.

Alasiri hiyo gari liliegeshwa uani kwa dobi. Alianza vizuri, hilo tusimnyime. Alikung'uta mazulia, akafyonza vumbi na mchanga, akaokota kalamu tisa, hereni moja na kibandiko cha L kilichojikunja. Bablishi aliigandisha kwa barafu, akaibandua kwa kijiko. Kisha akachanganya sabuni ya maji na siki kidogo, akasugua kwa brashi laini, mviringo mviringo, povu likapanda jeupe na kushuka jeusi.

Mtu mwingine yeyote angefuta povu lile kwa kitambaa chenye unyevu akaishia hapo. Lakini huyu alikuwa dobi wa kufua, na dobi ana sheria moja aliyofundishwa na baba yake: suuza mpaka maji yatoke safi. Akamwaga ndoo ya kwanza. Maji yakatoka chini ya mlango rangi ya chai ya rangi. Akamwaga ya pili, chai. Ya tano, bado chai. Mkewe akachungulia dirishani.

"Mume wangu, huo ni mto au ni gari?"

"Hayajatoka safi."

Ndoo ya kumi na moja ndiyo iliyotoka safi. Dobi akanyoosha mgongo, akatazama, akapiga kelele za furaha. Viti havikuwa kahawia hata kidogo. Vilikuwa vya kijivu, vyenye maua madogo ya buluu.

"Kumbe vina maua!" bibi harusi alisema alipofika jioni na baba yake. Macho yalimng'aa. "Shemeji, wewe si mtu wa kawaida. Lile gari la kukodi nalipigia simu sasa hivi, wasije."

Na akapiga. Baba mkwe alizunguka gari mara mbili, akafungua mlango wa mbele, akakaa kwenye kiti chake cha ualimu, kile cha abiria, mikono magotini, anatabasamu peke yake. Kisha tabasamu likasimama.

Aliponyanyuka, suruali yake ya kaki ilikuwa na duara mbili za maji nyuma, kubwa na zilizolingana. Dobi akabonyeza kiti kwa kiganja. Maji yakapanda katikati ya vidole, tena rangi ya chai.

Hapo ndipo alipoelewa. Shati ukilisuuza unalikamua, kisha unalianika. Kiti hakikamuliki. Ndani yake kuna sponji nene kama godoro, nalo lilikuwa limekunywa ndoo zote, na uchafu wa miaka ishirini na miwili uliozama huko sasa ulikuwa unarudi juu taratibu na maji. Maua ya buluu yalianza kuzungukwa na pete za kahawia mbele ya macho yao.

"Shemeji," bibi harusi alisema, sauti imekwama, "gari la kukodi wameshampa mtu mwingine."

Baba mkwe alikwenda zake kwa miguu, duara zake nyuma, mtaa mzima ukimwona.

Ijumaa dobi aliamka maji yamemfika shingoni, na safari hii si maneno tu. Akachukua spana, akafungua bolti, akatoa viti vyote uani. Jua nalo likagoma kutoka. Wingu lilikuwa limetanda, zito, halinyeshi wala haliondoki. Alijikaza kisabuni. Akakusanya kila taulo alilokuwa nalo, akalikunja moja mara nne, akalitandika kwenye kiti cha mbele, akakaa juu yake kwa uzito wake wote. Alipoinuka taulo lilikuwa limelowa chapachapa. Dawa ilikuwa imepatikana, ila dobi alikuwa mwembamba kama kamba ya kuanikia.

Hapo ndipo shangazi, dada yake baba mkwe, alipoingia na beseni la vitunguu saumu vya kumenya kwa ajili ya harusi. Alikuwa mama mwenye mwili wake, na mwenyewe anajivunia.

"Shangazi, karibu kiti," dobi akasema.

"Unanikalisha kwenye maji?"

"Juu ya taulo, shangazi. Nakuomba. Unikomboe."

Shangazi alimpima kwa macho, akaelewa, akacheka mpaka beseni likatikisika. Kisha akakaa. Sponji lilitoa sauti ya chura. Kila robo saa dobi alimwinua, akabadilisha taulo, akamkalisha. Kila taulo lilitoka na maji kidogo zaidi na kahawia hafifu zaidi. Pete zilizobaki alizitandikia kitambaa cheupe, akapitisha pasi ya moto wa wastani juu yake, na uchafu ukahamia kwenye kitambaa. Mkewe alikaa kiti cha dereva, majirani wawili wakapokezana cha nyuma. Vitunguu saumu viliisha, vikaletwa viazi. Mpaka jioni shangazi hakuwa ametoka kwenye kile kiti ila kwa haja ya lazima.

Jumamosi saa mbili na nusu dobi alirudisha viti garini, akabonyeza kimoja kimoja. Cha nyuma, chepechepe. Cha dereva, nusu kwa nusu. Cha mbele cha abiria, alikokaa shangazi, kilikuwa kikavu kama biskuti, safi, maua yote wazi.

"Basi binti yangu atakaa mbele," baba mkwe akasema. "Mahali pangu."

Akatandika nailoni kwenye kiti cha dereva, kiti cha wanafunzi wake, akakikalia. Bibi harusi akaingia mbele, gauni limejaa mpaka kwenye dashibodi. Nyuma akapanda dobi, kwa kuwa lazima mtu ashike shela lisiguse unyevu. Alikalia mataulo mawili. Hawakufika hata kona ya kwanza, suti yake ilikuwa imeshajua kila kitu.

Baba mkwe aliendesha polepole kuliko mwanafunzi yeyote wa siku ya kwanza. Baiskeli ziliwapita. Hakuna aliyemwambia aongeze mwendo. Mara moja moja alimgeukia bintiye, akatazama barabara, akamgeukia tena.

Karibu na ukumbi, kwenye njia panda, taa ilikuwa nyekundu. Gari halikupunguza. Dobi alifungua mdomo, lakini bibi harusi alikuwa ameshanyoosha kiatu chake cheupe. Gari la kufundishia lina breki ya pili, mguuni pa mwalimu. Aliikanyaga, na gari likasimama kwenye mstari.

"Taa, baba," akasema polepole.

Mzee alivua kofia, akajifuta uso nayo, macho mekundu, mabega yakipanda na kushuka. Kisha akatazama kwenye kioo cha juu, akamtafuta dobi.

"Mkwe," alisema, sauti imekwaruza, "hii sabuni yako kali mno. Inaniwasha macho."

Dobi alikuwa amekaa kwenye maji hadi kiunoni. Ndani ya viti vile sabuni haikubaki hata chembe. Alivisuuza kwa ndoo kumi na moja, mpaka maji yakatoka safi. Na tangu aanze kazi hii hakuna mtu aliyewahi kumwambia ameacha sabuni kwenye kitu.

"Kweli, baba," akasema. "Niliizidisha. Unisamehe."